Chakula cha Mama na Saratani ya Matiti

Nawaamkia akina mama na akina baba wa Ipole, wa Sikonge na wa Tabora mjini. Nawaamkia wasafiri walioteremka pale njia panda, ambapo barabara itokayo Tabora hugawanyika, mkono mmoja ukishika Koga na Mpanda na mkono wa pili ukishika Rungwa na Mbeya. Na kwa heshima makhsusi nawaamkia wale waliomo porini wakati huu, kwenye mizinga yao, ambao redio ndogo iliyotundikwa tawini ndiyo sahibu yao wa kutwa nzima. Maudhui yetu ya leo yawahusu akina mama kwanza, walakini nawaomba akina baba wasiinuke vitini, kwani hapana nyumba ambayo maradhi ya mama hayawi maradhi ya nyumba nzima.

Swali letu ni hili: je, chakula anacholishwa au anachojilisha mwanamke, tangu akiwa binti mpaka awe bibi, kina uhusiano wowote na saratani ya matiti? Jawabu langu, kwa kadiri ya yale yaliyokwisha thibitishwa na matabibu na watafiti, ni kwamba uhusiano upo, nao ni mdogo kuliko wanavyodai wale wauzao dawa za chupa minadani, na mkubwa kuliko wanavyodhani wale wasemao kwamba maradhi ni kudura tu na chakula ni cha kushibia. Nitalisema neno moja mara nyingi leo, nanyi mtanisamehe, kwa maana redio haina ukurasa wa kurudia: chakula chema hupunguza hatari; chakula chema hakiondoi hatari. Shikeni pande zote mbili za neno hilo, kwa sababu anayeshika upande mmoja tu hupotea.

Mnajua wenyewe ada ya nchi yetu ya miombo: kiangazi kikishika, majani yakikauka, mtu mwenye busara hulima njia ya moto kuizunguka nyumba yake na miti yenye mizinga yake. Aliyelima njia ya moto huenda akaunguliwa, ukivuma upepo usiotazamiwa. Na asiyelima huenda akasalimika miaka na miaka. Hata hivyo hapana mzee wa Ipole awezaye kumshauri kijana aache kulima njia ya moto, wala hapana mtu mwenye imani awezaye kwenda kwa jirani aliyeunguliwa akamwambia, "Ni kosa lako." Hivyo ndivyo ninavyotaka tukitazame chakula asubuhi hii.

Sasa, tutafute ushahidi wapi? Tusiende mbali. Hapa hapa Tanzania, mkoani Kilimanjaro, walipatikana watafiti waliowauliza wanawake 115 waliokuwa na saratani ya matiti, na wanawake 230 wenye siha na wa umri uleule waliokaa katika wilaya zilezile, walikuwa wakila nini, kwa kiasi gani, na mara ngapi. Na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2013. Waligundua nini? Waligundua kwamba wanawake waliokuwa na desturi ya mlo wenye maziwa mengi, siagi, mafuta ya kupikia kwa wingi, shahamu na nyama nyekundu, walionekana zaidi katika kundi la wagonjwa kuliko katika kundi la wazima. Hilo pengine halikuwashangaza. Lakini liko la pili, ambalo liliwashangaza wengi: hata mlo uliojaa samaki, maembe, mapapai, maparachichi na matunda yenye maji mengi ulionekana kufuatana na hatari iliyozidi.

Nawasikia mkiguna. Maembe! Watu wa Tabora waambiwe waogope maembe, ilhali miembe ile mikubwa inayotia kivuli njia ya kale, kutoka huku Unyanyembe mpaka Ujiji, ni ukumbusho wa misafara ya Bagamoyo, na watoto wetu hushinda chini yake mwezi wa Desemba wakiwa na nyuso za manjano? Hasha, sikuwaambia hivyo, wala watafiti wale hawakusema hivyo. Walipoipima milo ile miwili waliona jambo moja lililoiunganisha, nalo ni namna ya mafuta yaliyokuwamo: yale mafuta laini, yasiyoganda, yalikuwa kidogo yakilinganishwa na yale mafuta mazito yagandayo. Na walipoutazama uwiano huo peke yake, bila kujali jumla ya mafuta yote aliyokula mtu, waliona kwamba uwiano ulipokuwa mbaya, hatari ilizidi. Basi embe na papai, matunda ambayo hata mafuta ya kutajika hayamo ndani yake, yamkini yalionekana katika kundi hilo kwa sababu ya vile vilivyoandamana nayo kwenye sahani na katika maisha.

Nami nawasihi muuchukue ushahidi huo kwa kipimo chake. Wanawake waliohojiwa hawakuwa wengi. Na tena, mwanamke aliyekwisha ambiwa kwamba ana saratani huikumbuka milo yake ya zamani kwa namna tofauti na mwanamke asiye na wahaka, kwani anatafuta moyoni sababu ya msiba wake. Uchunguzi wa namna hiyo hutuonyesha njia ya kutazama, haukati hukumu. Lakini ni uchunguzi wa kwetu, wa ndizi zetu na ugali wetu na maziwa yetu, na kwa hiyo una thamani ambayo uchunguzi wa Ulaya, wenye jibini na mafuta ya zeituni, hauwezi kutupa.

Tuyatazame basi hayo mafuta, kwa kuwa ndiyo yaliyomo katika kila nyumba. Mafuta ya alizeti yatokayo kwa jirani zetu wa Singida, na mafuta yaliyomo ndani ya karanga zetu wenyewe, kwa sehemu kubwa ni mafuta laini. Samli, siagi, shahamu ya nyama, hayo ni mazito. Mawese yatokayo Kigoma yako katikati, takriban nusu yake ni mafuta mazito, na kadhalika mafuta mengi ya kupima dukani asili yake ni mchikichi, hata yakiwa yamesafishwa yakang'aa. Je, mama atayajuaje? Ayatazame asubuhi ya mwezi wa Juni, wakati wa baridi ya Tabora: yale yaliyoganda chupani yana mafuta mazito mengi. Sisemi mawese ni sumu. Yana manufaa yake kwa macho ya watoto yakiwa bado mekundu. Nasema tu kwamba mboga iliyoungwa kwa karanga zilizotwangwa, kama bibi zetu walivyounga mlenda, kisamvu na majani ya kunde, haihitaji kuogelea tena katika mafuta ya duka.

Na hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo moyo wangu ulipo. Wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba pembe na vitambaa na shanga baina ya pwani na maziwa makuu, ambao wasafiri wa Kizungu Burton na Speke waliwakuta Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwaka 1857, na ambao Stanley aliwatumaini mwaka 1871 alipoishika njia ya kusini kuelekea Ukonongo ili amwepuke mtemi Mirambo, watu hao walitembea kwa nguvu ya mtama, na uwele, na kunde, na karanga, na viazi vilivyokaushwa ambavyo sisi twaviita michembe na matobolwa. Njia ileile ilituletea vingine: mpunga, embe, papai, na baadaye, reli ilipofika Tabora mwaka 1912, sukari na ngano zikawa rahisi kupatikana. Leo barabara ya lami yapita Ipole, neema ambayo wazee waliingoja kwa miaka mingi, nayo yatuletea kila kitu kwa siku moja: sembe jeupe lililokobolewa mpaka likabaki wanga mtupu, madumu ya mafuta, soda, biskuti, chipsi. Siilaumu barabara. Nalaumu fikra iliyopanda juu ya malori hayo, fikra kwamba sembe ni chakula cha mtu aliyefanikiwa na mtama ni chakula cha mtu aliyeshindwa. Kwamba mgeni hawekewi mlenda. Kwamba binti akirudi kutoka shule ya mjini ataona haya akipewa matobolwa.

Je, hilo lina uhusiano gani na saratani ya matiti? Lina uhusiano kwa njia ya kile tukiitacho nyuzinyuzi, yale makapi mema ya nafaka isiyokobolewa, ya kunde, ya choroko, ya mboga za majani na ya matunda ya porini kama furu na ubuyu. Daktari mmoja wa upasuaji, Denis Burkitt, aliyefanya kazi miaka mingi katika hospitali ya Mulago kule Kampala, ndiye aliyewaamsha walimwengu, katika miaka ya 1970, kwa kuwaambia kwamba Waafrika wa mashambani waliokula makapi mengi walikuwa wakisalimika na maradhi mengi ya tumbo yaliyowaelemea watu wa Ulaya. Yeye alikuwa akisema habari za matumbo. Wengine waliokuja baada yake wakauliza habari za matiti. Na mwaka 2016 huko Marekani, katika uchunguzi mkubwa wa wauguzi wanawake waliofuatwa kwa miaka mingi, ilidhihirika kwamba wale waliokula nyuzinyuzi nyingi walipokuwa wasichana na vijana walipatwa na saratani ya matiti kwa uchache kuliko wenzao. Yasemekana kwamba nyuzinyuzi huzishika homoni za kike tumboni, hasa ile iitwayo estrojeni, zikatolewa nje badala ya kurudi katika damu. Na saratani nyingi za matiti hustawi kwa homoni hiyo.

Mmesikia, walipokuwa wasichana! Titi la msichana hujengwa katika miaka ile ya kuvunja ungo na kuendelea, na yamkini ndiyo miaka ambayo chakula hufanya kazi yake kubwa, ilhali sisi tunaanza kuhubiri habari za lishe kwa mama mwenye miaka hamsini. Kwa hiyo dona, mtama, kunde na mboga anazopewa binti wa miaka kumi na miwili hapo nyumbani, au shuleni kama shule yenu ina uji wa mchana, ni jambo la kuzungumzwa katika vikao vya wazazi.

Lipo na jambo la unene. Mwanamke akisha koma hedhi, mifuko ya mayai huacha kutengeneza homoni kama zamani, na hapo mafuta ya mwilini ndiyo yanayoshika kazi hiyo. Kwa hiyo mama mnene aliyekwisha koma hedhi hubeba estrojeni nyingi zaidi, na hatari yake huzidi. Hilo limethibitika nchi nyingi. Najua kwamba kwetu unene wa mama ni sifa ya mume, na kwamba mama akikonda watu hunong'ona. Kwa mama alimaye mpunga na tumbaku kwa jembe, unene si tatizo lake. Lakini kwa mama akaaye dukani Tabora mjini tangu asubuhi hadi usiku, na chai ya sukari vijiko vitano na maandazi, neno hili ni lake.

Sasa nafika penye ugumu, nami sitalikwepa. Katika vyote tunavyokula na kunywa, kitu kimoja ambacho ushahidi wake hauna shaka, ambacho shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, limekiandika miongoni mwa sababu za saratani ya matiti, ni kileo. Si nyama, si sukari, si samli, ni kileo. Bia ya kiwandani, kangara, pombe ya mtama, gongo, na wanzuki wetu. Ndiyo, wanzuki, ule utokanao na asali ya misitu hii ambayo ni fahari ya Ipole na Sikonge. Uchunguzi uliokusanywa kutoka nchi nyingi na kutangazwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba hatari huzidi kwa kama asilimia 7 kwa kila kipimo cha kileo anywacho mwanamke kila siku, na kipimo hicho ni kiasi cha robo lita tu ya bia ya kawaida. Akinywa vipimo viwili huzidi tena, na vitatu tena. Na nani awezaye kuupima ukali wa wanzuki uliolala siku mbili na ule uliolala siku nne?

Nasema haya kwa upole, kwa sababu najua kwamba upikaji wa pombe ndio uliowasomesha watoto wa wajane wengi, na kwamba katika ngoma na arusi kata huzunguka kwa wote, wanaume kwa wanawake, na asiyepokea hukhofu kuitwa mwenye kiburi. Simkatazi mtu riziki. Walakini mama mpishi, ambaye kazi yake yamlazimu kuonja, ana haki ya kujua kile asichokijua. Na asali iliyobaki asali, au mtama uliobaki togwa, haina dhambi hiyo.

Tuendelee. Wako waulizao: ikiwa mtu ameanza maisha ya namna fulani, akibadili chakula uzeeni kuna faida? Wamarekani walilijaribu swali hilo kwa uvumilivu mkubwa. Kuanzia mwaka 1993 waliwaandikisha wanawake zaidi ya elfu 48 waliokwisha koma hedhi, wakawagawa mafungu mawili, fungu moja likafundishwa kupunguza mafuta na kuzidisha mboga, matunda na nafaka. Mwaka 2006 walipotoa hesabu, tofauti ya waliopatwa na saratani ya matiti ilikuwa ndogo, haikutosha kuthibitishwa. Wengi wakakata tamaa. Lakini wale wanawake waliendelea kufuatwa, na baada ya muda wa kama miaka ishirini ikaonekana kwamba waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa wachache zaidi katika lile fungu lililobadili chakula. Basi narudia neno langu: chakula chema hupunguza hatari, chakula chema hakiondoi hatari.

Na maziwa ya mama je? Hayo nayo ni habari ya chakula, ingawa anayekula ni mtoto. Mwaka 2002 vilevile, watafiti waliokusanya uchunguzi 47 kutoka nchi 30 walitangaza kwamba kila miezi 12 ambayo mwanamke amenyonyesha katika maisha yake humpunguzia hatari kwa asilimia 4 na zaidi kidogo. Mama wa Ipole aliyelea watoto watano, kila mmoja akamnyonyesha mwaka na nusu au miaka miwili, amejiwekea akiba kubwa bila kujua. Lakini msimu wa tumbaku unapokuja, kuanzia kitalu mpaka kwenye bani la kukaushia, mama huyo huyo huamka alfajiri, hurudi jioni, bustani yake ya mboga huota magugu, mtoto huachishwa mapema na kupewa uji wa sembe, na chakula cha nyumba hununuliwa kwa deni. Akina baba, hapo ndipo mlipo! Mkulima anayepanga ekari za tumbaku bila kutenga kipande cha kunde, karanga na mtama amepanga nusu ya mwaka wake tu.

Wazee mtakumbuka mwaka 1973, mlipokaa vikundi vikundi kuzunguka redio katika ile kampeni ya Mtu ni Afya, na tena mwaka 1975 katika Chakula ni Uhai. Zama zile adui alikuwa upungufu, watoto wenye matumbo makubwa na nywele nyekundu. Adui huyo hajaondoka kabisa, na sasa amekuja mwenzake aliyevaa nguo nzuri, mlo unaoshibisha na kunenepesha bila kulisha. Vikundi vile vilifaa. Sioni kwa nini wanawake wa vikoba wasilizungumze jambo hili wanapokutana kuhesabu hisa zao.

Kabla sijawaacha, lipo jambo ninalolichukia, nami nalitaja kwa jina lake. Mwanamke apatwapo na saratani ya matiti, watu huanza kumhesabia: alikula nini, alikunywa nini, alimfanya nini mke mwenzake, hakunyonyesha vizuri. Wako wanawake ambao hawakuonja kileo maisha yao yote, waliokula mtama na mlenda, walionyonyesha watoto saba, na saratani ikawapata. Wako waliorithi udhaifu huo katika damu ya ukoo wao. Kwetu Afrika maradhi haya huwashika wengi wakiwa bado vijana, kabla ya kukoma hedhi. Kwa hiyo anayeitumia elimu ya chakula kumtia mgonjwa hatiani ameigeuza dawa kuwa fimbo. Na anayemwambia mgonjwa ajifungie nyumbani kwa majani na asali, aache sukari tu na uvimbe utanyauka, huyo anamwua.

Sikilizeni sasa alama zenyewe: uvimbe mgumu ndani ya titi au kwapani, hata kama hauumi, na aghalabu hauumi, ngozi ya titi iliyobonyea au iliyokunjamana pasipo sababu, chuchu iliyoingia ndani ilhali zamani haikuwa hivyo, damu au majimaji yatokayo kwenye chuchu kwa mwanamke asiyenyonyesha, kidonda kisichopona. Si kila uvimbe ni saratani, walio wengi wenye uvimbe hawana saratani, walakini hapana awezaye kulijua hilo kwa macho wala kwa ndoto. Mwenye dalili aanze zahanati, aombe barua ya kwenda hospitali ya Sikonge, na kutoka hapo Kitete kule Tabora. Na ikihitajika tiba kubwa zaidi, Bugando iko Mwanza, na taasisi ya Ocean Road iko Dar es Salaam. Wanawake wengi wa nchi yetu hufika huko wakiwa wamechelewa, uvimbe umekwisha toboka, na kile ambacho kingaliondolewa kwa kisu mapema hakiondoki tena kwa urahisi. Kwa hiyo mama mwenye uvimbe asingoje malipo ya tumbaku, wala asingoje mume arudi kutoka porini kurina asali; nauli ya basi itokayo Ipole kwenda Sikonge iazimwe kwa jirani leo, na huyo jirani, akiweza, afunge mlango wake aende pamoja naye.

Saa yangu imetimia. Wiki ijayo, inshallah, wakati kama huu, nitazijibu barua zenu zihusuzo mafuta ya kupikia. Kwaherini.